Shika, ni chui! Leteni maneno yaliyowaponza Japani kabla wageni wa Aprili hawajafika

Kutoka: Mama Tanga, Saitama
Kwa: wote

Ndugu zangu, habari za wikiendi.

Kama mnavyojua, Aprili ndiyo mwanzo wa mwaka wa shule na wa kazi hapa Japani, na mwaka huu tena tuna wageni wanakuja: wanafunzi, mafundi, na wake wawili wanaowafuata waume zao. Karatasi yetu ya mwongozo tayari ina habari za takataka, bima ya afya, kusajili anwani manispaa ndani ya siku 14, na namna ya kuandika jina kwa katakana, herufi zao za maneno ya kigeni, ili benki na kadi ya ukaazi zisigombane. Lakini kuna jambo moja halimo, nalo ndilo lililonisumbua mimi kuliko takataka zote. Ni maneno ya Kijapani yanayofanana na ya kwetu. Masikio ya Mswahili hayakubali kulala. Yakisikia neno la nyumbani, yanalipokea kama la nyumbani, hata kama msemaji hajawahi kuiona Afrika.

Naanza mimi. Mama yangu alinitembelea nikiwa na miezi minne tu hapa. Nikampeleka Nara, kwenye ile bustani yenye paa zaidi ya elfu moja wanaotembea huru. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza hiragana, herufi zao za mwanzo, na nilitaka mama aone kwamba mwanawe anasoma. Pembeni ya njia kulikuwa na kibao cha onyo. Nikakisoma kwa sauti, herufi kwa herufi: shi-ka-ni-chu-u-i.

Mama akanikamata mkono. "Nishike nini? Chui yuko wapi?"

Paa kwa Kijapani ni shika. Chuui ni tahadhari. Kibao kilisema "tahadhari na paa". Mama yangu, mtoto wa Pangani, alisikia "shika, ni chui". Na kabla sijamweleza, paa watatu wakatujia mbio kwa sababu alikuwa na biskuti zao mkononi. Mama hakuwatazama kama ni paa au ni nini. Alizirusha biskuti zote hewani akanikumbatia, tukabaki hivyo katikati ya watu, yeye anasoma dua na mimi nacheka huku nalia.

Siku zote zilizobaki aliwasikia chui kila mahali. Kwenye treni: "ashimoto ni gochuui kudasai", angalia unapokanyaga. Kwenye ngazi za umeme, chui. Kwenye lifti, chui. Alipofika Tanga aliwaambia majirani kwamba Japani ni nchi nzuri, ina adabu, ila wana hofu kubwa na chui.

Leteni yenu. Na kama lipo la kuungama, ungameni, hapa tuko nyumbani.

---

Kutoka: Mzee wa Kawasaki
Kwa: wote

Mama Tanga, umenifanya niamshe watu usiku huu kwa kicheko. Mungu amzidishie mama umri.

Mimi kila asubuhi napita stesheni ya Kamata, pale Tokyo wilaya ya Ota. Mwaka wangu wa kwanza, sauti ya treni ikisema "tsugi wa Kamata", inayofuata ni Kamata, mwili mzima ulikuwa unashtuka. Mtu aliyekulia Kariakoo akisikia "kamata!" hasubiri kuuliza anayekamatwa ni nani.

Lakini umesema kuungama, na mimi nina jambo la miaka kumi na moja.

Nilikuwa kwenye ghala la vifurushi. Jioni moja msimamizi alinipa ujumbe nimfikishie kijana wa Kinepali tuliyekuwa naye zamu moja: kesho mwanzo wa kazi ni shichiji, yaani saa 7:00 kwa saa yao. Nikauchukua ujumbe, na njiani kichwani nikaugeuza kama tunavyougeuza sote: saa saba yao ni saa moja asubuhi yetu. Nilipomkuta kijana nikamwambia kwa Kijapani nilichokuwa nacho kichwani. Saa moja. "Ichiji." Na ichiji kwao ni saa 1:00 mchana.

Alifika saa saba kamili mchana, amechana nywele, ameshika mkoba wa chakula. Alikuwa amekosa nusu siku. Msimamizi alimsema mbele ya watu. Kijana akaniangalia, na mimi nikaangalia chini. Nilijua kosa ni langu, nikanyamaza, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule na niliogopa.

Baada ya wiki mbili nilishindwa kulala. Nikapika pilau sufuria nzima, nikaenda chumbani kwake nikamweleza yote, hesabu yetu ya saa, jua linapochomoza tunaanza moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwao Nepal hata mwaka wanauhesabu tofauti na wengine, kwa hiyo anaelewa. Tukala. Nusu siku yake nilimrudishia mkononi, na kwa msimamizi nilikwenda Jumatatu.

Kwa hiyo wageni waambieni hivi: saa msiitamke, iandikeni kwa tarakimu. 7:00. Na mkilazimika kuitamka, semeni "nanaji". Wajapani wenyewe wakitaka ichi na shichi zisichanganyike husema nana. Ila na hapo mwenye masikio ya Kiswahili ajihadhari, nana yao ni saba, nane yetu ni nyingine.

---

Kutoka: Mama Mapacha, Nagoya
Kwa: wote

Assalaam alaykum. Mzee wetu, hilo la pilau limenigusa. Allah akulipe kheri.

Yangu ni ya shule. Siku ya kuwaandikisha wanangu darasa la kwanza, mwalimu alinionesha wa kike akasema, "ichinen ni kumi desu". Mimi nikasikia Kiswahili safi: ni kumi. Nikashukuru, nikamshika mtoto mkono tukaanza kulitafuta darasa la kumi. Shule ile kila mwaka una madarasa matatu tu! Kumi kwao ni kundi, mkondo. Ni ni mbili. Mtoto alikuwa mwaka wa kwanza, mkondo wa pili. Tulizunguka ghorofa zote hadi bwana mmoja wa usafi akatuonea huruma.

Hilo dogo. Walipofika darasa la pili, binti akarudi nyumbani akasema, "Mama, kesho tuna kuku." Sisi kuku tunakula wa halali tu, na shule inajua, chakula cha nyama huwa nawafungia wenyewe. Nikaona labda wamesahau. Nikachukua daftari la mawasiliano, lile linalokwenda na kurudi kila siku baina ya mzazi na mwalimu, nikaandika kwa Kijapani changu cha shida: kesho naomba mtoto asipewe nyama ya kuku.

Mwalimu akajibu kwa mwandiko mzuri, na herufi ndogo za kusomea juu ya kanji, zile herufi zao ngumu, kwa ajili yangu: "Kesho hakuna kuku. Kesho ni saba."

Saba nini? Nikakaa na daftari mkononi. Saa saba? Kuku saba? Nikampigia wifi yangu Toyota, naye hajui.

Saba ni samaki, jamani. Ni yule mnayemnunua wa kopo, jamaa wa vibua wetu. Chakula cha shule kilikuwa samaki. Na kuku aliyoitaja binti ilikuwa hesabu! Jedwali la kuzidisha kwa Kijapani linaitwa kuku, tisa-tisa, na watoto wote wa darasa la pili hulikariri kwa wimbo. Nyumba nzima ikawa "ku ku hachijuuichi", tisa mara tisa themanini na moja, asubuhi hadi usiku. Baba yao akisema kwa simu kutoka Unguja "mnakula nini huko?", watoto wanajibu "kuku!", naye anafurahi.

---

Kutoka: Karateka wa Hamamatsu
Kwa: wote

Shikamooni wakubwa.

Mimi Kijapani nilikijua kabla ya kuja. Ndivyo nilivyoamini. Miaka tisa ya karate Dar es Salaam, kila mazoezi tunahesabu: ichi, ni, san, shi, go. Niliipenda lugha hii kwa sababu ya hesabu ile. Ilikuwa ikitoka kifuani.

Wiki ya kwanza hapa nikaenda na wenzangu watatu kula. Mhudumu akauliza tuko wangapi. Nikajibu kwa sauti ya dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate, "Shinin desu!" Binti akabaki ameshika menyu. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikidhani hakusikia.

Watu wanne ni yonin. Shinin ni maiti. Nilisimama mlangoni pa mgahawa nikitangaza kwamba mimi ni maiti, mara mbili. Shi ni nne na shi ni kifo, ndiyo maana baadhi ya hospitali na hoteli zao huruka namba 4. Hesabu ya dojo ni ya dojo. Mtaani sema yon.

La pili ni la kiwandani, na hili liingizwe kwenye karatasi. Kazi yangu ilikuwa kupanga boliti kwenye sinia kwa urefu wake kabla hazijakwenda kwenye mstari. Siku ya tatu msimamizi akainama juu ya sinia langu, akazishika boliti mbili akazilinganisha kwenye mwanga, akasema, "Barabara."

Nilijaa furaha. Kwetu barabara ni sawasawa, imenyooka, haina kasoro. Nikainama nikasema ahsante sana. Akalitazama sinia, akanitazama mimi, akasema tena kwa kukaza, "Barabara!" Nikainama zaidi.

Barabara kwao ni ovyo, vimetawanyika, kila kimoja kivyake. Nilikuwa nimechanganya za milimita 20 na 25. Mzee yule hakupiga kelele. Alivuta kiti, akamimina sinia zima mezani, tukazipanga upya wawili sisi bila neno, kama dakika arubaini. Leo mimi ndiye ninayewafundisha wapya, na huwa nafanya vilevile, namimina na kukaa nao.

---

Kutoka: Mwana wa Mombasa, Osaka
Kwa: wote

Hamjambo wenzangu. Nimekuwa nikisoma nikicheka peke yangu kwenye treni, watu wananisongea mbali. Maji, asali na uji nitayapitia haraka, kisha nije kwa lililonileta.

Vijana wakikwambia "maji?!" hawataki maji, wanasema "kweli?!" Mimi nilimpa mwenzangu chupa yangu mara tatu siku moja, naye akanywa kwa heshima. Asari kwenye supu ni kombe wa pwani, si asali. Uji ni mji karibu na Kyoto wenye sifa ya chai, kwa hiyo ukiona "Uji" kwenye pakiti usimnunulie mtoto ukidhani ni wa kukoroga. Na hapa Osaka chakula kikuu cha barabarani ni takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani. Tako ni pweza. Mama akiniuliza kwa simu nimekula nini, nasema pweza, namalizia hapo.

Sasa hili. Nilikuwa napika viazi karai. Nilikuwa na hamu nayo tangu Ramadhani, na hapa neno karai lenyewe lina maana ya kitu kikali chenye pilipili, kwa hiyo hata kumweleza jirani ilikuwa kazi. Mafuta yakashika moto. Ulimi wa moto ukafika kwenye feni. Nikatoka ukumbini na simu, nikapiga 110.

Sauti ikauliza: "Jiken desu ka, jiko desu ka?"

Wanauliza hivyo kila mara: ni tukio la uhalifu au ni ajali? Mimi niliyekuwa nimetoroka jikoni mbio, nilisikia neno moja tu. "Jiko!" nikasema. "Jiko! Jiko! Moto!"

Jiko ni ajali. Moto kwao si moto. Basi nikahesabiwa kuwa nimeripoti ajali. Mtaa wangu niliutaja sawasawa, alhamdulillahi. Kabla polisi hajafika, bibi wa mlango wa pili, ambaye nadhani ana miaka themanini na kitu, alitoka na kizimamoto chekundu kilichokuwa kikining'inia ukumbini na ambacho mimi nilikipita kila siku bila kukiona. Akavuta pini, akaelekeza, akamaliza. Nyumba ikawa nyeupe yote kwa unga. Akaniambia kitu kimoja nilichokielewa: usimwagie maji. Kisha polisi akafika na baiskeli, anatafuta aliyegongwa.

Kwa hiyo, kwa herufi kubwa kwenye karatasi: MOTO NA GARI LA WAGONJWA NI 119, POLISI NI 110. Ukipiga 119 watauliza "kaji desu ka, kyuukyuu desu ka?" Kaji ni moto unaoteketeza, ingawa sikio litakwambia wanauliza kazi. Kyuukyuu ni gari la wagonjwa. Jibu neno moja, kisha anwani, kisha jina. Jizoezeni na watoto. Mimi bibi yule sasa nampelekea viazi kila Ijumaa, na yeye hunipa figili zake za kuchachusha.

---

Kutoka: Mwalimu wa zamani, Fukuoka
Kwa: wote

Wapendwa, shikamooni na hamjambo.

Mimi ni Mjapani. Nimo humu tangu niliporudi, ninasoma tu, sijawahi kuandika. Leo ninaomba niungame upande wa pili.

Nilijifunza Kiswahili katika kituo cha mafunzo cha wafanyakazi wa kujitolea, Komagane, mkoa wa Nagano, kisha nikatumwa kufundisha hisabati sekondari, mkoa wa Iringa. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya kidato cha pili. Nilikuwa nimeikariri sentensi yangu kwa wiki nzima. Nikasema jina langu, halafu nikasema, "Ninatoka Kumamoto."

Darasa lilinyamaza. Msichana wa mbele akaweka kichwa juu ya dawati, mabega yanatikisika. Nikafikiri matamshi yangu ni mabaya, kwa hiyo nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kuma kwetu ni dubu. Ni mnyama tu. Mkoa wetu hata una nembo ya dubu mweusi, Kumamon, tangu 2010, na watoto wa Japani nzima wanampenda. Nilikuwa nimebeba boksi la stika zake mia mbili, kila moja ina jina chini yake, kwa ajili ya wanafunzi.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu mzima, mpole. Alinieleza polepole, akiangalia dirishani. Akasema, "Mwalimu, hapa utasema unatoka Japani, inatosha." Boksi akalifungia kabatini. Tangu siku ile nikawa mtu wa Kyushu, kisiwa chetu. Niliona aibu, lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa kwamba nilianza kulionea haya jina la kwetu, mahali alipozaliwa mama yangu.

Aprili 2016 lilikuja tetemeko. Tarehe 14 usiku, halafu tarehe 16 kubwa zaidi. Kuta za mawe za ngome yetu zilibomoka. Wazazi wangu walilala ndani ya gari siku sita. Walimu waliniuliza, "Ni sehemu gani ya Japani?" Nilijibu, "Kyushu." Sikuweza kulitaja.

Jumatatu asubuhi, mstarini, mkuu wa shule alisimama mbele ya shule nzima. Akasema, "Mji wa mwalimu wetu umepigwa na tetemeko la ardhi. Mji huo unaitwa Kumamoto." Alilitamka wazi, silabi zote nne, sauti haikuyumba. Wanafunzi zaidi ya mia nne. Hakucheka hata mmoja. Kisha akaomba dakika moja ya kimya.

Baada ya hapo alilifungua kabati. Stika zile zilibandikwa kwenye madaftari ya hisabati ya kidato cha pili, zote.

---

Kutoka: Mama Tanga, Saitama
Kwa: wote

Mwalimu, karibu sana, na pole. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, chakula kikaungua. Usikae kimya tena.

Karatasi nitaikusanya wiki hii. Ya 119 inakuwa ukurasa wa kwanza. Nitaongeza na hili: anayekuja asijibu kengele ya mlango kwa kusema "nani?" Kwao hiyo ni "nini?", tena ya ukali. Mleta vifurushi wa kwangu aliacha mzigo akaondoka. Semeni "hai", yaani ndiyo, nao watajua mko hai.

---

Kutoka: Mama Mapacha, Nagoya
Kwa: wote

Moja tu kabla hujaifunga, Mama Tanga.

Binti yangu sasa yuko darasa la tatu. Wiki iliyopita darasani walicheza shiritori, ule mchezo wa kuunganisha maneno: wewe unaanza na silabi aliyomalizia mwenzako. Ukimaliza na "n" umeshindwa, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza na n hiyo. Mtoto mmoja akateleza akasema "mikan", chenza. Darasa zima likapiga kelele, ameshindwa. Yule mtoto akaanza kulia.

Binti yangu akasimama. Akasema, bado, mimi ninalo. "Ngorongoro."

Wakasema hakuna kitu kama hicho. Mwalimu akaenda kwenye atlasi ya darasa, akafungua Afrika, akapitisha kidole Tanzania. Kipo, kwa katakana, na kinaanza na ile n yenyewe. Akakiandika ubaoni. Binti akamwambia yako na mengine, nguruwe, ndizi, ngamia, ngoma, anayo mengi, na mama yake anayo zaidi.

Aliyefuata alitakiwa aanze na "ro". Akasema rousoku, mshumaa, na mchezo ukaendelea.